Mke wa Padri

Mama Firdausi anadai kwamba siku Mwalimu Haidari alipokuja Kitahana kutafuta mtu wa kuhesabu vipepeo, kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa aliingia kwa dirisha la ofisi ya kijiji, akazunguka juu ya vichwa vya watu wote, wenyeviti wa vitongoji mpaka mgambo, akatua kwenye mtandio wa Zuhra. Watu wakanyamaza. Zuhra hakumfukuza. Akasema taratibu kwamba huyu ana ncha nyeusi kwenye mabawa ya mbele, na ndani ya weusi ule ana madoa meupe yamejipanga kama shanga. Anaruka polepole kwa sababu hana wa kumwogopa, ndege hawamli, ni mchungu, tangu kiwavi anakula jani lenye maziwa. Mwalimu Haidari akafunga daftari lake palepale na kusema, "Nimeshapata mtu wangu."

"Akili za shule hizo," Mama Firdausi akamalizia. "Sisi tungepiga kelele tu na khanga zetu, shii, shii."

Nilikuwa nimechuchumaa na kisu mkononi. Nikamaliza kumenya muhogo ule, nikautumbukiza majini, nikachukua mwingine. Maneno aliyoyasimulia yalikuwa yangu, mpaka zile shanga. Nilimpa Zuhra mwenyewe, palepale tulipokuwa tumekaa, siku chache nyuma.

Chini ya kijiji chetu kijito kinapinda, na kwenye kona hiyo wanawake tumechimba vidimbwi vya kulowekea muhogo. Kila mtu na chake, na kila kimoja kina alama. Mimi huchomeka tawi la mkaratusi, Zuhra hufunga kitambaa chekundu kwenye kijiti. Muhogo hukaa siku tatu au nne, unalainika, unachachuka, na harufu ile inaleta vipepeo wa kila namna kwenye tope. Ukimenya asubuhi nzima huna pa kupeleka macho isipokuwa kwao. Wenzangu walikuwa wanaongea habari za watu. Mimi nilikuwa naangalia. Hata darasani mwalimu wa darasa la tano alikuwa akisema Epifania hasemi lakini ukimuuliza kuna vigae vingapi vilivyopasuka darini atakujibu.

Zuhra tulikaa naye dawati moja mpaka darasa la saba. Matokeo yalipotoka, jina lake lilikuwepo na langu halikuwepo. Baba yake, mzee Hamis mwenye duka la barabarani, akamnunulia sanduku la bati na godoro akampeleka sekondari Kasulu. Mimi nikapewa jembe. Sisemi hivi kwa kulalamika. Jembe nilikuwa nalo tangu zamani, walichofanya ni kuniachia lote. Aliporudi na cheti chake hakuwa na kazi miaka mitatu, akawa anashuka kumenya muhogo kama sisi, na nilifurahi amerudi. Nilimwonyesha vitu vyangu. Kipepeo yule wa rangi ya chungwa, ambaye kila mtoto anamfahamu kwa kumfukuza, ndiye nilianza naye. Nilimwambia habari za ncha nyeusi, za madoa meupe, za jani lenye maziwa, lile linalozaa vitunda vya mviringo vyenye vinyweleo kama ndevu. Nilikuwa sijafika nusu, mvua ikatukimbiza. Kesho yake yeye hakuja, na keshokutwa yake nikasikia Mwalimu Haidari yuko ofisini.

Basi Zuhra akapewa mstari. Mstari ni njia ya hatua kama elfu moja, imewekwa alama kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Inaanzia shuleni, inapita kando ya mashamba ya mihogo, inakata katikati ya maharage yangu, inashuka mpaka kwenye vidimbwi. Mara mbili kwa wiki, saa nne umande ukishakauka, mhesabuji anautembea polepole, anaandika kila kipepeo anayemwona hatua tano kulia na hatua tano kushoto. Alipewa karatasi ngumu yenye picha za aina kumi, kila mmoja na jina fupi. Kipepeo wangu waliandika Chungwa. Semina ya wahesabuji ilikuwa iwe ya siku mbili, lakini siku ya pili Mwalimu aliitwa Kasulu, akasema atarudi baada ya wiki sita kukagua, na ambaye kazi yake itakuwa safi ataandikwa kazi moja kwa moja.

Nilikuwa nautamani mstari ule. Niseme hivyo ili isije ikaonekana nilikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa naitamani kofia yake pana ya kijani, viatu vyake vya mpira, ile ruhusa ya kutembea katikati ya asubuhi bila mzigo kichwani huku watu wakijua unafanya kazi. Nikiwa napalilia nilikuwa nikimwona akija jiwe kwa jiwe.

"Epi, pisha njia," alikuwa akisema akifika kwangu. "Serikali inapita."

"Serikali imepata wangapi leo?"

"Chungwa thelathini na nane. Na ishirini wote wako kwenye maharage yako. Unawapa nini wewe?"

"Nawapa salamu."

Wanawake wa shamba la pili walicheka, na Zuhra akacheka, akaandika. Mimi niliinama na jembe langu. Nilichekea ndani, na kicheko kile hakikuwa kizuri, kwa maana wale ishirini nilikuwa nimewahesabu kabla yake. Chungwa walikuwa watano.

Iko hivi. Misimu miwili iliyopita, wakati wa palizi ya kwanza, niliona Chungwa akishuka katikati ya mistari ya maharage na kutaga kwenye lile gugu linalotambaa, lenye shina jekundu na majani manene yaliyojaa maji. Nikajiuliza huyu amepotea, mbona jani lake la maziwa liko kule juu kando ya barabara. Kesho yake akaja mwingine akafanya vilevile. Siku ya tatu nikamfunika mmoja kwa kitenge, nikamwangalia. Kwa juu ni yuleyule, rangi ileile, ncha nyeusi, shanga nyeupe. Lakini bawa la nyuma halikuwa lake. Chungwa wa kweli ana madoa meusi madogo katikati ya bawa la nyuma, matatu akiwa jike, manne akiwa dume, unayaona akifungua na unayaona akifunga. Huyu alikuwa na doa moja tu, kubwa, liko ukingoni juu, na akikaa vizuri bawa la mbele linalifunika usilione kabisa. Tena kingo za mabawa yake zimekatwakatwa kama ukingo wa kitambaa cha kushona kwa mkono.

Baada ya hapo nikawatambua hata wakiruka. Chungwa hana haraka, anaelea. Yule mwingine anajitahidi kuelea, ila ukimshtua anasahau, anakimbia kama mtu aliyeitwa na mwenye deni. Na kuna kipimo cha mwisho. Chungwa ukimbana kifua kwa vidole viwili unadhani amekufa, unamweka chini, ukigeuka anainuka na kwenda zake, mwili wake ni mgumu kama ngozi ya kiatu. Yule mwingine ukimbana namna ile umemuua kweli. Nilimuua mmoja kwa kujaribu, sikurudia.

Viwavi wao pia ni mbalimbali. Wa Chungwa ana pete nyeusi, nyeupe na njano, na pembe laini jozi tatu. Niliwafuga kwenye kopo la maziwa wakatoka vizuri. Wa yule mwingine ni mweusi, ana miiba mwili mzima. Sikumfuga. Nilimwogopa.

Hiyo ndiyo nusu ambayo sikumpa Zuhra kwa sababu ya mvua, na baada ya habari ya Mama Firdausi nikaamua sitampa kwa sababu yangu mwenyewe. Nilijiambia, amechukua maneno yangu akajivalia kama mtandio, basi na avae. Kila Jumanne na Ijumaa nilimwona akiandika uongo kwa mwandiko wake mzuri, na nilikuwa nahesabu makosa yake kama mtu anayehesabu vifaranga vyake.

Wiki ya nne tulikuwa wawili tu kwenye vidimbwi. Zuhra alikuwa ametoa muhogo wake, anautandaza kwenye jiwe, lakini mikono ilikuwa inafanya kazi bila yeye.

"Epi," akasema. "Yule Chungwa. Siku ile ulinimalizia habari zake zote?"

"Nilikumalizia."

"Hakuna kingine?"

Nilimwangalia. Jua lilikuwa linampiga usoni, kofia ameiweka magotini. Nikakumbuka kipepeo ametua kwenye mtandio wake na watu wote wamenyamaza.

"Hakuna kingine," nikasema. "Wewe hesabu tu."

Akatoa daftari mfukoni, akaandika kitu kifupi ukurasa wa nyuma, akalirudisha. Nilidhani anaandika siku ngapi muhogo umekaa.

Mwalimu Haidari alirudi mwanzoni mwa mwezi wa sita. Ni mtu mwembamba, mpole, anasalimia kila mtu kwa Kiha cha kuokoteza, mwakeye, mwakeye, salamu ya asubuhi, hata ikiwa jioni. Zuhra ndiye aliyekuja nyumbani kunitafuta. Alisema wanahitaji mtu wa kubeba maji na chakula cha njiani, kibarua cha siku moja.

"Nimewaambia wewe unaijua njia," akasema.

Nilikubali haraka. Alidhani nimekubali kwa ajili ya kibarua.

Tulianza shuleni watu watatu, Mwalimu mbele na wavu wake, Zuhra katikati na daftari, mimi nyuma na dumu kichwani. Kando ya barabara mambo yalikwenda vizuri. Pale kwenye majani ya maziwa Zuhra alisema Chungwa saba, na walikuwa Chungwa saba kweli. Mwalimu aliandika. Nikaona mabega ya Zuhra yanashuka, anapumua. Tukafika kwenye maharage yangu.

Mwalimu alirusha wavu mara moja tu. Akaingiza mkono, akamtoa kipepeo kwa vidole vya taratibu, akamshika mabawa yamefungwa.

"Huyu?"

"Chungwa," Zuhra akasema.

"Una hakika?"

Zuhra alitazama karatasi yake ya picha, akamtazama kipepeo. Niliona amesita. Sasa najua kwa nini alisita, lakini wakati ule niliona tu kwamba ameshikwa.

"Ndiyo, Mwalimu. Chungwa."

Nikatua dumu.

"Huyo siyo Chungwa," nikasema.

Wote wawili wakageuka. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikamwambia Mwalimu afungue bawa la nyuma. Akafungua. Nikamwonyesha doa moja la ukingoni, nikamwambia Chungwa ana matatu au manne, tena katikati. Nikamwonyesha kingo zilizokatwakatwa. Nikaenda chini ya maharage, nikang'oa gugu lile linalotambaa, nikageuza majani mpaka nikapata kiwavi mweusi wa miiba, nikamletea na jani lake. Nilizungumza kama mtu aliyefunguliwa maji. Nikasema kwenye maharage haya, kati ya ishirini, Chungwa hawazidi watano, na kwamba imekuwa hivyo wiki zote sita. Hilo la wiki sita nililisema huku namwangalia Zuhra.

Mwalimu alikaa chini kabisa, akaweka wavu magotini.

"Huyu tunamwita Mwigaji," akasema. "Ndege wanamwogopa kwa kumfananisha na Chungwa, kumbe yeye hana uchungu wowote. Nilipanga kuwaeleza siku ya pili ya semina." Akaniangalia. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa napalilia."

Akacheka kwa furaha, akatikisa kichwa. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu msomi. Zuhra alikuwa amesimama pembeni, daftari amelikumbatia kifuani, na mimi nilisikia utamu ambao naona aibu kuuandika. Neno lile Mwigaji lilikuwa linanizunguka kinywani, nikawa natafuta namna ya kumtupia.

Hapo Padri akatua.

Yuko kipepeo mweusi tii, mwenye mabaka makubwa meupe, manne kwa juu ukihesabu yaliyo wazi zaidi, na kila baka limezungukwa na rangi ya zambarau inayometa akigeuka kwenye jua. Hukaa chini njiani kwenye jiwe moja siku nzima, na akija kipepeo mwingine anamfukuza kisha anarudi palepale. Sisi tuliosoma katekisimu parokiani tulimwita Padri tangu utoto, kwa weusi wa kanzu, weupe wa kola na ile zambarau ya Kwaresima. Tulikuwa tukimwona tunafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyekuwa akimkamata.

"Na yule?" Mwalimu akaniuliza mimi. Mimi, siyo Zuhra.

"Yule ni Padri," nikasema. Nikacheka kidogo. "Huyo ni ukoo mwingine, hana uhusiano wowote na hawa."

"Una hakika?"

"Tangu utoto, Mwalimu."

Alimwangalia Padri, akamwangalia yule wa doa moja ambaye bado alikuwa vidoleni mwake. Ndipo Zuhra akazungumza, kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, naomba usome hapa."

Akafungua daftari ukurasa wa nyuma kabisa, akampa. Mwalimu alisoma kwa sauti, nadhani hakuwa na nia mbaya, kuna watu hawawezi kusoma kimyakimya.

"Tarehe kumi na tisa. Maharage ya Epi. Chungwa na yule mweusi wa mabaka meupe, mkia kwa mkia, muda mrefu, nimepita mbali nisiwashtue. Je, ni mume wake? Lakini juzi nimeona Chungwa mwingine yuko na mume wa rangi yake mwenyewe. Labda Chungwa wako wa aina mbili. Picha niliyomtumia Mwalimu kwa simu haijafunguka. Muulize Epi."

Akageuza macho chini kidogo, kwenye mstari wa mwisho.

"Nimemuuliza. Anasema hakuna kingine."

Upepo ulikuwa unapita kwenye maharage. Niliokota dumu, nikaliweka tena chini, halikuwa na haja ya kuokotwa. Mwalimu alifunga daftari akamrudishia mwenyewe. Alimwachia yule kipepeo, akaruka kwa kukimbia, na Padri akainuka kwenye jiwe lake akamfuata.

"Ni mume wake," Mwalimu akasema. "Mwigaji jike ndiye anayejifananisha. Dume anabaki hivyo alivyo. Watu wengi huwaandika aina mbili."

Hakunisema. Hakuniuliza kwa nini. Angeniuliza ningepata la kujitetea. Lakini niseme ukweli wote, kitu cha kwanza kilichonichoma pale hakikuwa aibu. Lilikuwa lile neno, maharage ya Epi. Misimu miwili niko kwenye shamba lile asubuhi na jioni, nimehesabu madoa, nimegeuza kila jani, na yeye ndiye aliyewaona. Kwenye shamba langu. Mimi nilikuwa nimempa yule mweusi upadri nikiwa na miaka saba, na padri haolewi wala haoi, kwa hiyo sikumtafutia mke. Zuhra amekulia msikitini. Aliona wadudu wawili tu, akaandika alichokiona.

Tulipofika kwenye vidimbwi Mwalimu alikula kipande cha muhogo wa kuchemsha amesimama, kisha akatoa uamuzi. Hesabu za wiki sita anazifuta. Mstari wa Kitahana anaupa mwezi mmoja zaidi, na ukishindikana tena anauhamishia kijiji cha Munanila, nao wanauomba. Kila mhesabuji anaruhusiwa kuwa na mwenzake mmoja wa kutembea naye, na huyo hata asipokuwa na cheti ataandikwa. Mhesabuji anamchagua mwenyewe.

"Zuhra atanipa jina kabla ya Ijumaa," akasema. Alisema akiwa anafunga kamba za begi, hakumwangalia yeyote kati yetu.

Jumatano nilimkuta Zuhra peke yake kidimbwini. Alikuwa anatoa muhogo, mmoja mmoja, anaupangusa, anauweka kwenye beseni. Nilimsalimia, akaitikia. Nikachuchumaa kwenye kidimbwi changu, nikang'oa tawi langu la mkaratusi, nikalishika mkononi bila sababu.

"Ulikuwa na kinyongo gani na mimi?" akaniuliza bila kuinua uso.

Nikamweleza. Habari ya dirisha, ya kipepeo kutua kwenye mtandio, ya zile shanga, ya Mwalimu kufunga daftari. Aliacha kupangusa. Akanitazama kama natoka usingizini.

"Kipepeo gani?"

"Mama Firdausi anasema—"

"Mama Firdausi siku ile alikuwa mashineni anasaga, tumepishana naye njiani na debe lake. Zile habari za ncha nyeusi na maziwa nilimsimulia mimi jioni, nikamwambia tazama Epi anavyojua mambo. Huko ofisini hakuna aliyetaja kipepeo, Epi. Mwalimu aliuliza nani ana cheti cha kidato cha nne. Tukanyoosha mikono wawili. Mwenzangu tumbo lilikuwa limefika hapa, anajifungua wiki ileile. Basi."

"Hakukuuliza kitu kingine?"

"Aliniuliza kama naogopa nyoka."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia siogopi." Akachukua muhogo mwingine. "Naogopa sana."

Nilitaka kucheka. Wakati mwingine tungecheka mpaka tukae kwenye tope. Yeye hakucheka, nami nikakimeza.

Kipepeo wa rangi ya chungwa alishuka akatua kwenye ukingo wa beseni lake, mabawa yamefungwa. Nilihesabu. Niliona na midomo ya Zuhra inacheza, anahesabu pia. Yule akaruka taratibu, akavuka kijito.

"Zuhra," nikasema. "Nilikosa. Nilikuficha makusudi. Naomba unichague mimi. Tutembee wote, wewe na daftari, mimi nyuma yako. Nitakuonyesha kila nilichokificha, na wewe unionyeshe pale walipokuwa, wale wawili. Nataka kupaona."

Alijaza beseni mpaka juu. Pale kwenye vidimbwi hakuna anayeondoka na beseni lililojaa bila mwenzake kumtwika, uzito wa muhogo uliolowa ni mkubwa, na hata waliogombana hutwikana kwanza ndipo wakaendelea. Niliinuka, nikanyoosha mikono nimsaidie. Zuhra alilitazama beseni. Akachuchumaa tena, akatoa nusu ya muhogo, akaurundika juu ya jiwe, akafungua kile kitambaa chekundu kwenye kijiti akaufunika. Akajitwika nusu iliyobaki peke yake, akapanda njia.

Mimi nikakaa karibu na lile jiwe. Baada ya muda nikasikia viatu vyake vya mpira vinarudi. Alikuja, akafunua kitambaa, akaanza kupanga muhogo kwenye beseni.

"Zuhra, keshokutwa ni Ijumaa," nikamwambia. "Naomba umpe jina langu."

Akapanga mpaka wa mwisho. Akakunja kitambaa, akakiweka kichwani kuwa kata, akajitwika tena peke yake, na kuondoka.